Blanketi ya Mama Rebeka

Jumatatu, 10 Machi
Tangu asubuhi nachagua picha za mahari ya juzi, umeme ukienda na kurudi. Faustin mume wangu amenichosha. Watu wamejipanga mstari mzima na vikwembe vipya vya kitenge, yeye kapiga picha ya kandambili mlangoni. Kamba ya mbuzi. Moshi. Studio yetu ya picha hapa Rwambuzi itakufa na moshi wake.

Mbaya zaidi, blanketi. Kila mtu hapa anajua mama wa binti hupewa blanketi, badala ya zile zilizokojolewa na binti alipokuwa mtoto. Mpiga picha husubiri hapo hapo: mikono ya kutoa, mikono ya kupokea. Faustin ana picha moja tu. Mama Rebeka, mama wa binti, peke yake, kafumba macho, pua ndani ya blanketi. Mtoaji haonekani hata kidole.

Jumatano, 12 Machi
Nilijua tu. Baba mkubwa wa binti, anayesimama badala ya marehemu baba, amekwama Komanda. Barabara haipitiki. Asipoona blanketi ikipokewa, hata kwa picha, hakuna ndoa Jumamosi.

Nikaomba turudie picha. Mama Rebeka akakataa katakata: blanketi haipokewi mara mbili, wakwe watasema anadai ya pili. Binti amelia kwenye benchi letu mpaka mchana. Nimemwambia Faustin maneno ambayo siyaandiki.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemtumia mzee ile ya pua. Sina nyingine.

Ijumaa, 14 Machi
Mzee amejibu kwa ujumbe wa sauti. Nimesikiliza mara tatu.

"Tulikimbiaka vita kule Bule na blanketi moja, ya kufunika mutoto. Mama yake alilalaka na baridi mwezi muzima. Sasa nimeona. Wafunge ndoa."

Faustin naye hakuyajua hayo. Nikamuuliza basi aliona nini.

"Watu yote iko wanaimba. Yeye moja haikuwa anasikia."

Hilo tu. Hasira imenizidi, safari hii juu yangu mwenyewe. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwa huyo mama, nimekodolea macho mstari.

Jumapili, 16 Machi
Ndoa imefungwa jana. Nje ya kanisa mstari ulijipanga, na Faustin akageuza kamera kwingine. Nikataka kumkaripia. Nikatazama alikotazama.

Saa saba mchana, jua kali, na Mama Rebeka amekaa kwenye ngazi, amejifunika blanketi.