Nilipomjibu Balozi "Wote"

Kaka Elia,

Shikamoo. Kifua cha mama kimepoa? Mimi mzima wa mwili. Barua hii usimsomee mama kabla hujaimaliza mwenyewe. Nina jambo sijamwambia mtu. Hata Mungu namwambia kwa kuzungukazunguka.

Siku ile mlima ulipoporomoka, baba na mama wakiwa gulioni Lushoto, sisi wengine tulikimbilia shuleni. Balozi wa nyumba kumi akatuita majina kwa daftari la shamba la ujamaa, akafika kwa baba. Wewe hulimi, miguu hairuhusu, jina lako halimo.

"Nyumba ya Yona, mpo wote?"

Nikageuka kutazama njia ya nyumbani.

"We binti, sema! Ulimi nao umelowa?"

Watu wakacheka. Nikasema, "Wote."

Kaka, nilijua umebaki ndani. Niliona haya kumsahihisha mzee mbele za watu, nikangoja watawanyike nimnong'oneze. Kabla hawajatawanyika, udongo ukaingia jikoni kwetu. Wewe ulipofika shuleni ukitambaa, matope hadi shingoni, ukatania: "Jembe bovu limejileta lenyewe!" Watu wakamshukuru Mungu, wakamlaumu balozi kwa daftari lisilo na jina lako. Hadi leo lawama anaibeba yeye.

Huku bwenini Kilosa mvua ina siku ya tatu, na mto umeanza kumwagika. Tunangoja lori la kutuhamisha. Mchana matroni, ambaye ni mgeni, ana wiki mbili tu, alitugawa makundi ya kupanda lori kwa orodha ya mchakamchaka. Mwenzetu Zainabu anatembea kwa magongo, hakimbii, kwa hiyo hayumo. Tena ana homa, amelala chumba cha wagonjwa kule chini karibu na mto. Mimi ndiye ninayempelekea uji.

"Usinitaje," aliniambia asubuhi, "wataniona mzigo."

Matroni akauliza, "Kuna aliyesahaulika?" Nikainamisha kichwa. Tena, kaka!

Barua zetu matroni huzisoma kwanza, kwa hiyo hii nimekuwa nikiificha chini ya kitabu cha Kiingereza. Lori limeshapiga honi getini. Nasikia viatu vyake ukumbini.

Msalimu baba, na shangazi anayekuosha miguu. Balozi mwambie ukweli, na umwambie mbele ya watu, si pembeni.

Viatu vimefika mlangoni. Karatasi hii naiacha wazi mezani, matroni aisome. Wenzangu wacheke wakitaka. Atakayeniuliza kama tupo wote nitamjibu hapana, na machela ya Zainabu tutaibeba mimi na yeyote atakayeshika upande wa pili.

Mdogo wako aliyekuacha,
Naomi