Msiba Ulikuwa Wako, Mama

Mama,

Wiki tatu sasa nimekaa na hasira, na aliyekuwa akizisikiliza hasira zangu ni wewe. Basi sikiliza na hii.

Siku ya kukuzika tuliweka tenti barabarani hapa mtaani Kisugu, kama kila mwenye msiba anavyofanya, likaziba njia yote. Gari moja jeusi likakwama, dereva akapiga honi. Honi, Mama, msibani! Mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka mtu, kofia imeshuka mpaka machoni. Akaomba radhi kwa ajili ya honi, halafu akasimama karibu na mafiga akitazama huku na huku. Mimi nilikuwa nahangaika na sufuria peke yangu, wamama wote wamekwenda kumpokea mchungaji. Na unajua ulivyonilea. Wengine husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ulikuwa unampa jembe kabla hajamaliza kusalimia. Nikamwambia, "Kaka, usisimame tu hapo, shika hii," nikamkabidhi sufuria kubwa yenye ukoko wa ugali wa posho, na sabuni juu.

Akaosha. Sitamdhulumu, aliosha vizuri. Alikwangua ukoko kwa kijiko, akamwaga maji machafu mbali na miguu ya watu, akaniuliza marehemu alikuwa nani. Nikasema mama yangu. Akauliza alikuwa akifanya kazi gani. Nikasema alikuwa anauza vitenge, anavibeba kichwani kutoka hapa mpaka Kansanga na kurudi. "Pole sana, dada," akasema. Siku hiyo nilipewa pole nyingi, lakini wengi walizisema huku wakitafuta kiti.

Hapo ndipo binti wa jirani alipopiga yowe. "Banange! Jamani, ni yeye!"

Jina lake siliandiki humu. Limejaa kwenye kuta za mji huu, barua yako liiache. Ni yule mwimbaji ambaye redio ya jirani haimalizi saa bila kumpiga, na wewe ulikuwa unasema anaimba kama mtu aliyebanwa kidole na mlango.

Mama, watu walikuacha! Mama Kevin, aliyekuwa ameshika shada lako la maua, aliliweka chini ili atoe simu. Wazee wazima walipanda juu ya viti. Mjomba Deo, ndugu yako wa tumbo moja, ndiye aliyekimbia kumpelekea maikrofoni. Akakataa. Mjomba akambembeleza, naye akapokea. Anayekataa mara moja tu, huyo ametaka. Akaimba wimbo wa mapenzi, vigelegele vikapigwa, na jeneza lako liko pale pale, hata mmoja hakuligeukia. Hata mimi. Hili linaniuma kuliko yote. Yule binti alipopiga yowe na mimi niligeuka, nikanyoosha shingo kama wao, na kwa dakika nzima nilisahau kwamba umekufa. Nisamehe.

Alipoondoka, dereva wa basi la makaburini alikuwa ameshaanza kulalamika. Mjomba akatazama saa, akasema, "Historia ya marehemu tutaisoma siku nyingine." Siku nyingine! Kwani wewe unazikwa mara ngapi? Nilikuwa na karatasi mbili mkononi, nimeziandika siku mbili, nafuta na kuandika tena. Nikazikunja nikazitia kwenye pochi. Tukakufukia bila mtu kusema ulitoka wapi wala ulipita wapi.

Sasa kuna video kwenye simu za watu. Imeandikwa jina lake na neno "msibani". Msibani kwa nani? Kimya. Nikipita dukani wananicheka, "Huyo ndiye aliyemwoshesha staa sufuria!" Jirani aliyetuazima sufuria ameitundika ukutani, haipikiwi tena. Na watu ambao hawakukuletea hata kikombe cha uji ulipokuwa umelala kitandani, leo wanakuja kuuliza aliishika upande gani. Hawana aibu!

Mambo yako hakuna anayeyauliza. Ulivyokuwa unachomoa uzi kwenye kitenge, unauwasha kwa kiberiti mbele ya mteja: ukiwa majivu ni pamba, ukiyeyuka ni plastiki, na wewe mwenyewe unakuwa wa kwanza kumwambia hiki usinunue. Ulivyokuwa unanipa ncha moja tukunje pamoja, tukikutana katikati unanibana pua, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto. Sasa nakunja peke yangu. Ncha ya pili naifunga kwenye kitasa cha mlango.

Jana kamati ya kumaliza matanga ilikaa hapa nyumbani. Jambo la kwanza kabisa: tumwalike yule mwimbaji. Mjomba ameshatafuta namba ya meneja wake. Mama, nilisimama, mimi ambaye sisimami mbele ya wakubwa. Nikasema, "Mjomba, nisamehe, lakini akija atakaa na watu, na maikrofoni hataigusa. Na nyinyi hamtakula mpaka nimalize kusoma." Shangazi akasema sina adabu. Nikawakumbusha kwamba mpishi ni mimi na ufunguo wa stoo ninao mimi.

Kwa hiyo Jumapili, siku ya matanga, nitasoma, nakuahidi. Karatasi zote mbili, polepole, mvua inyeshe, aje atakayekuja, chakula kipoe. Pumzika sasa, Mama, kelele niachie mimi.

Miaka yote hii mtaa mzima ulikuita Mama Furaha, kwa jina langu mimi. Siku ya kuandika msalaba nilimsikia Mama Kevin, jirani yako wa miaka tisa, akinong'ona, "Kwani alikuwa na lingine?" Basi mstari wa kwanza nitausoma kwa sauti mpaka aliyekaa nyuma kabisa asikie: Jina lake ni Nsimire, binti Bisimwa, mzaliwa wa Walungu.

Mwanao,
Furaha