Koti la Truphosa

Sparkhill, Birmingham

Mpendwa Angeline,

Nimefurahi kusikia kwamba mama ameanza kula tena baada ya mazishi. Huku mvua haijakoma, na wazee tunaowatunza bado wananiuliza dada yako atarudi zamu gani.

Umeniuliza kama nafasi yake ya kazi iko wazi. Iko. Waliitangaza kabla hatujausafirisha mwili.

Ulijua Truphosa hakuwahi kuiona bahari? Kila asubuhi kwenye basi aliniambia, “Rodah wee, siku moja tutapanda treni tukale chipsi ufuoni, hata kama kunanyesha!” Nikimwambia twende Jumamosi, anacheka. “Acha kwanza Angeline amalize chuo.” Kisha anaomba zamu nyingine.

Ulimaliza Novemba. Hatukwenda.

Sikukatazi kuja, mdogo wangu. Kesho nitakuulizia. Koti usinunue, la dada yako bado linaning'inia nyuma ya mlango wangu, na litakutosha. Ila Jumamosi yako ya kwanza usikubali zamu, hata wakikubembeleza. Utalivaa hilo koti, twende baharini.

Msalimie mama.

Ni mimi niliyekuwa nikikaa naye kwenye basi,
Rodah