Sindano Haijui Kama Umefunga

Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.
Jumatano.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mie mzima, na cherehani yangu nayo nzima, alhamdulillahi. Macho yako yanaendeleaje? Na ile ganzi ya miguu? Najua Zaituni ndiye anayekusomea. Mdogo wangu, soma kila neno, usiruke hata pale ninapokutaja.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu habari ya kufunga, unasema "haya mwanangu," nami najua umeshaamua lako. Zaituni ameniambia unafunga kila Jumatatu na Alhamisi kwa ajili ya ile sauti iliyorekodiwa na kuzagaa kwenye simu za watu, kwamba mwili ukiwa na njaa unakula taka zake wenyewe na sukari inaondoka nazo. Na asubuhi unajichoma sindano yako ya insulini ile ile, kiasi kile kile.

Sasa sikiliza yaliyotupata hapa. Mwenye nyumba wetu, Mama Zehra, yule mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, naye ana sukari na hujichoma sindano kama wewe, na sauti hiyo hiyo ilimfikia. Alhamisi iliyopita alifunga. Jioni nilimpelekea gauni lake nikamkuta barazani, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Msikiti wa jirani ulikuwa umeshaadhini. Nikamwambia afungue.

"Nyie mshafungua, sie bado," akanijibu. Wao ni Mashia, husubiri mpaka wekundu wa angani upande wa mashariki uishe. "Nimevumilia kutwa nzima, Mwajuma, nishindwe na dakika hizi?"

Haikupita muda akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Nikakoroga sukari kikombeni, akakaza meno kama mtoto anayekataa dawa. Mama, nilimfokea mtu mzima, tena mwenye nyumba wangu: "Mungu hajakutuma ujiue!" Akanywa. Mwanawe akaja na gari tukampeleka hospitali.

Huko nilimuuliza daktari kuhusu ile sauti, maana nilikuwa na hasira nayo. Hakuibeza yote. Alisema kila seli ya mwili ina usafi wake: vipande vilivyochakaa huvunjwavunjwa, vinavyofaa vikatumika tena, na kweli njaa huuchochea usafi huo. Kwa mgonjwa wa kisukari mara nyingi kazi hiyo huenda kombo, taka zikabaki ndani, na wataalamu wanaona hilo linachangia kuharibu figo, macho, mishipa ya fahamu, hata seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Lakini namna ya kuirekebisha bado wanaitafuta, kwani ikipungua ni shida na ikizidi nayo ni shida.

"Ila mama," akamgeukia Mama Zehra, "sindano haijui kama umefunga. Yenyewe inashusha sukari tu. Ukitaka kufunga, njoo kwanza tuzungumze, tuone kama inafaa na dozi iweje."

Mama Zehra amerudi nyumbani na ameanza kunitania kwamba nimemfungulisha kwa nguvu. Mie sicheki sana. Yeye alinipata mimi mlangoni. Wewe unashinda peke yako mpaka Zaituni atoke kufundisha, na ukianguka mchana nani atajua? Sikukatazi ibada, Mama, nitakukatazaje wewe uliyenifundisha kusali? Nenda kliniki kwanza uwaulize. Ninaogopa, basi, nimesema.

Nisalimie Bibi mzaa baba, na shangazi muuza vitumbua. Mjomba Athumani mwambie kanzu yake iko tayari, shingo tu ndiyo imenipa tabu, haina mfano hapo Kilwa nzima.

Barua hii nimeifunga pamoja na mashine ya kupimia sukari. Kondakta wa basi anaondoka nayo alfajiri, itakufikieni kesho, nayo ni Alhamisi. Zaituni, kabla hujaikunja karatasi hii, mpime. Sukari ikiwa imeshuka, mpe maji ya sukari hapo hapo, adhana au hakuna adhana. Mama, nakuomba, nyoosha kidole.

Mwanao anayekuhofia,
Mwajuma