Mimi Mwenye Macho Niliona Tisa

Mpendwa Tantine Liliane, shangazi wetu wa radio, mi kawaida si mutu wa kuomba shauri, watu ndo huniomba mimi, uliza pale sokoni fundi simu anaitwa Docteur ni nani watakuonyesha kibanda yangu, simu yenye ilianguka ziwani nimeishaifufua, lakini leo docteur ndo mugonjwa na dawa sina, donc nakuomba usome hii barua mpaka mwisho na usinicheke katikati, cheka mwishoni kama ni lazima.

Bon. Naitwa Ricky, niko na miaka ishirini na mbili, masomo niliachia senior two ju walimu walichoka, mi sikuchoka. Mwezi uliopita, kwenye mukutano wa Jumanne, shefu wa mudugudu wetu, yaani hiki kijiji chetu, muzee Viateur, alisema sekta inapanga bajeti ya mwaka ujao na safari hii inataka kujua kila mudugudu iko na wazee wangapi na walemavu wangapi wenye hawawezi kujisaidia nyumbani, ili ipange wahudumu wa kupita kwao, viti vya magurudumu, na fundi wa kutengeneza njia ya kwenda choo, donc anatafuta mutu wa kupita kila mulango na kuandika, akauliza nani ataweza kwa wiki mbili, na mi Tantine, mukono ulipanda kabla kichwa haijajua, nikasema, "Wiki mbili za nini, muzee? Nipe siku mbili!" Watu wakapiga makofi.

Hizo siku mbili nilizipitisha kwenye butiki ya Hakimu, chai ya maziwa mbele yangu, chapati pembeni, kalamu mukononi. Ju mi nimezaliwa hapa, nani simujui? Hakimu akaniuliza, "Docteur, si ulisema unapita kila mulango?" Nikamujibu, "Milango yote iko humu kichwani, we ongeza sukari." Nikaandika watu tisa, mwandiko muzuri kama wa harusi, na Jumanne shefu akaisoma mbele ya watu, akapiga kashe, ule muhuri wake, akasema, "Vijana, muoneni Ricky," na mi nikajiona mukubwa kuliko mulima Nyiragongo.

Sasa Alhamisi Hakimu ananiambia mama Dative anakuita, radio yake imekufa. Mama Dative ni mukecuru, bibi muzee wa nyumba ya chini, kila siku anakaa mulangoni anataniana na wapita njia, mi nilikuwa najua macho yake ni mabovu kidogo tu, kumbe haoni kitu, hata mwanga wa jua hauoni. Sijafika hata kwenye mulango akasema, "Docteur, bado unaburuza kiatu cha kushoto, utakimaliza upande moja." Nikaingia, nikaona kamba imetoka kitandani, imefuata ukuta, imetoka nje, na iko na mafundo.

"Mama, hii ni nini?"

"Fundo moja ni jikoni, mawili chooni, matatu kwa jirani siku nikianguka."

"Nani alikufungia?"

"Kwani mi sina mikono?"

Nikafungua radio, ni waya tu, dakika tano imekwisha. Halafu akauliza polepole, "Ricky, nasikia we ndo uliandika. Na mi uliniandika?" Tantine, sikuwa nimemuandika. Mutu anayecheka vile mulangoni, nani angejua? Nikasema, "We ndo wa kwanza kabisa, mama."

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Na Wellars, yule wa fimbo ya chuma?" Nikasema Wellars iko muzima. "Hajapita hapa tangu mvua kubwa ya mwezi wa nne. Na Kampire, anayekohoa kila akipanda kilima kwenda misa? Simusikii tangu Pasaka. Mi nakaa hapa nasikia nani anapita, Ricky, na nani hapiti tena." Akataja watu kumi na nne, kila mutu na mwendo yake, huyu anasimama kupumua kwenye jiwe kubwa, yule sendo yake ya muguuni iko na musumari. Nikamutania, "Mama, labda wamehamia Goma bila kukuaga." Akacheka sana. "Nenda uone basi, we mwenye macho."

Nilienda ili nimushinde, nakuambia ukweli. Nilianza kwa Wellars, zamani alikuwa dereva wa lori, nikamukuta kitandani, miezi mitatu hajainuka, mugongo umekufa, muke wake anavuka mupaka kwenda Goma kila asubuhi na beseni ya mboga, anamuachia maji karibu na kichwa na mulango wazi ili aone mutu akipita, lakini mulango unaangalia nyuma, na huko hapiti mutu. Akaniuliza, "Nani amekutuma?" Nikasema mama Dative. Akaziba uso na mikono yote mbili. "Hajawahi kufika huku, hata siku moja. Amejuaje?"

Tantine, nywele za mukono zilinisimama kama niko kanisani siku ya Krismasi. Nikaenda kwa wa pili, wa tatu, nikifika kwa wa kumi nilikuwa naomba Mungu angalau moja awe kweli amehamia Goma. Wote kumi na nne walikuwa ndani, na hakuna hata moja kwenye karatasi yangu. Mi nafungua simu naona vitu vidogo kama punje ya muchanga, najisifu macho mudugudu muzima, na mukecuru asiyeona mwanga amewabeba wote kwenye masikio, na hakuna mutu aliyemuambia afanye hivyo, hakuna aliyemupigia makofi. Tangu siku ile nikitembea najisikia nasikilizwa, hata kiatu nimeanza kukiinua.

Nikaenda kwa shefu. Akasema, "Ricky, we ulituambia umefika kila mulango. Kashe imepigwa, karatasi iko sekta, Ijumaa inaenda wilayani. Kwa watu tisa wameomba muhudumu moja, mara moja kwa wiki. Hao wengine tutaongeza mwaka ujao." Mwaka ujao! Wellars atavumilia hiyo miezi yote namna gani?

Na kibaya zaidi ni hiki. Mama Dative ameongeza kamba. Fundo la nne linamupeleka kwenye kiti, kiti muzuri amekifuta, ameweka kitambaa, anasema ni cha muhudumu atakayekuja. Na kila anayepita, mama anamuambia Ricky ametuandika.

Nifanye nini? Nikisema Jumanne mbele ya watu, shefu anaaibika, na mi jina langu limekwisha, nani ataleta simu kwa docteur muongo? Nimefikiria ninyamaze, niwe namuchotea mama maji kila siku bila kuambia mutu, mwaka ujao nimuweke wa kwanza kweli. Naomba unijibu haraka, na usitaje majina hewani, mama anasikiliza kipindi chako, na radio iko inaongea vizuri sana sasa.

Mimi Ricky, Docteur wa simu, Gisenyi.

*

Ricky,

Sikucheka katikati. Mwishoni nilicheka kidogo, halafu nikakasirika.

Uliandika majina ya watu ukiwa umekaa na chapati. Usinieleze habari za mwandiko mzuri. Sekta haikukosea, ilihesabu ulichoipa: watu tisa, mhudumu mmoja. Wellars atalala mwaka mwingine akitazama mlango usiopitwa na mtu kwa sababu wewe ulitaka kupigiwa makofi siku ya pili badala ya siku ya kumi na nne. Hilo ulibebe, ni lako.

Lakini kuna jambo nalikubali kwako. Ulifika kwenye nyumba ya kumi na nne. Ungeweza kuishia ya tatu na kurudi kwa Hakimu. Na umeogopa mahali panapostahili kuogopwa. Mimi pia nimeisoma ile habari ya kamba nikaiweka barua chini.

Kumchotea maji, mchotee, hakuna anayekukataza. Ila usijidanganye kwamba ndoo moja kwa Dative inamgeuza Wellars kitandani.

Sasa sikiliza, nakutumia jibu hili kwa simu kwa sababu leo ni Jumatatu. Mchana huu nenda kwa shefu Viateur, nyumbani kwake, si mbele ya watu. Mpe orodha mpya ya watu ishirini na wanne, wale tisa, hawa kumi na nne na Dative, na mbele ya kila jina uandike anachokosa: maji, kugeuzwa kitandani, kiti, njia ya choo. Mwambie kwamba kesho mkutanoni utasimama wewe, utasema wewe, na kosa ni lako peke yako. Yeye aliamini neno lako, basi. Kashe inapigwa tena, wino haujaisha. Akikataa, simama hivyohivyo. Mdomo uliosema siku mbili utaweza na hili. Jumatano muwe sekta na karatasi, msingoje Ijumaa. Na muombe shefu kazi hii iwe ya wawili kuanzia sasa, wewe kwa kalamu, Mama Dative kwa masikio.

Wateja wako? Wengine watakucheka wiki nzima. Simu zao zitaharibika wiki ya pili.

Kuhusu majina, nitayatoa. Ila kamba yenye mafundo sitaitoa, na barua hii nitaisoma hewani Alhamisi saa kumi. Dative ataijua kwa sentensi ya kwanza. Radio umeitengeneza mwenyewe.

Tena nikuulize. Mtu anayejua unaburuza kiatu cha kushoto, unadhani hakusikia sauti yako ilivyoyumba uliposema yeye ndiye wa kwanza? Alinyamaza kidogo, umeandika wewe mwenyewe. Kisha hakukufukuza, hakukutukana. Alianza kukutajia watu, akakutuma.

Kwa hiyo kabla ya shefu, kabla ya kila kitu, shuka kwake sasa hivi. Lifuate fundo la nne, ukalie kile kiti, umwambie.

Tantine Liliane