Kati ya Steve na Susan

Ridgefield, New Jersey
12 Februari 2024

Bibi yangu mpendwa,

Hujambo huko Richmond? Goti linaendeleaje? Baba mdogo anakupikia wali, au ni mkate asubuhi mpaka jioni? Sisi tu wazima, ila mimi chakula hakipiti. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Najua umeondoka kwa sababu ya ile karatasi ya ibada. Mchungaji Vreeland aliniambia, "Yerim, makanisa mawili sasa ni moja. Wakorea na Wamarekani tuwaandike sawa, majina tu, bila vyeo." Bado niko kwenye majaribio ya ukarani, nikaitikia. Nikawapanga watu wote kwa alfabeti, kwa jina la kwanza, kama Wamarekani wanavyoitana. Wewe, uliyebeba cheo cha kwonsa, mama mzee wa kanisa, kwa miaka thelathini na saba, ukaangukia kati ya Steve mpiga ngoma na Susan wa shule ya Jumapili. Sunrye tu, basi. Nilihakiki tahajia mara nne, Bibi, na hilo sikuliona.

Kwonsa wenzako sita, Mama Song akiwa mbele, wamegoma kuwasha jiko la kanisa. Jana ilikuwa Jumapili ya tatu hakuna supu baada ya ibada. Watu wanakula donati wakiwa wamesimama, halafu wanaondoka. Tafadhali rudi. Kama huwezi kurudi, basi nigombeze.

Mjukuu wako,
Yerim

Richmond, Virginia
2 Machi 2024

Mjukuu wangu Yerim,

Barua imefika. Goti ni lilelile. Baba yako mdogo anapika vibaya lakini anapika. Wewe kula.

Sikugombezi. Nataka ujue tu. Nilipofika nchi hii nilifanya kazi kwa dobi, miaka ishirini na mbili. Wateja waliniita Suzy kwa sababu jina langu liliwashinda, na hata walioliweza hawakujisumbua. Nikiwa na miaka arobaini na sita kanisa likanipigia kura niwe kwonsa, baada ya miaka kumi ya sala za alfajiri na kuuguza wagonjwa. Jumatatu hadi Jumamosi nilikuwa Suzy. Jumapili nilikuwa mtu mzima.

Karatasi yako niliisomea pale pale kwenye benchi. Sikuweza kuketi hadi mwisho wa ibada.

Mama Song amekwambia nini kuhusu jiko? Usimlazimishe.

Bibi yako

Ridgefield
9 Machi 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini baridi imepungua huko. Habari ya Suzy sikuijua. Baba naye hakuijua. Nimeisoma barua yako nikiwa nimejifungia stoo ya vitabu vya nyimbo.

Nilikwenda kwa Mchungaji kuomba vyeo virudishwe. Hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Akasema, "Lakini Yerim, tukiwapa vyeo akina mama wenu peke yao, wa kwetu watajisikiaje?" Nikasema asante, nikatoka.

Mama Song anasema jiko si lake kulifungua. Na leo Trudy Zabriskie wa upande wa Wamarekani, yule mzee mwenye fimbo, kaja ofisini. "Bibi yako yuko wapi? Supu yake naiota."

"Amekasirika."

"Amenikasirikia mimi?"

"Hapana. Mimi."

"Afadhali," akasema, akachukua donati ya pili.

Wazee wa kanisa wanakutana mwishoni mwa Aprili. Hapo ndipo panapoweza kusemwa jambo. Bibi, mimi siwezi kusema mbele ya watu. Unanijua.

Mjukuu wako,
Yerim

Richmond
20 Aprili 2024

Yerim mwanangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na shughuli, na hata mimi nashangaa.

Jirani yetu, Odessa Tolliver, Mmarekani mweusi, ana miaka sabini na tisa. Alinikuta kibarazani siku ya Jumapili, akamwambia baba yako mdogo, "Huyu mama mbona hujampeleka kanisani? Mlete." Tukaenda. Kule kwao wanawake wazee hukaa mbele wamevaa nyeupe tupu, na kila mmoja anaitwa Mama. Mchungaji mwenyewe humwita Mama Tolliver. Hakuna anayethubutu kusema Odessa.

Mama Tolliver akaniuliza, "Wewe kwenu ni nani?"

"Kwonsa."

"Ndiyo nini hiyo?"

Baba yako mdogo akamweleza. Akanitazama kuanzia viatu. "Sasa mbona umekaa nyuma kama mgeni? Hebu sogea huku."

Baadaye akanieleza kwamba mama yake mzazi aliitwa kwa jina tupu na Wazungu maisha yake yote, hata na watoto wao. Kwa hiyo kanisani kwao hawafanyi mchezo na cheo.

Nikamkumbuka Zabriskie wako. Muulize anataka aitweje. Sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza.

Bibi yako

Ridgefield
6 Mei 2024

Bibi mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa baba mdogo na kwa Mama Tolliver.

Nilimuuliza. Aliegemeza fimbo mezani. Kisha akasema, "Trudy alikuwa akiniita marehemu mume wangu. Siku hizi hata anayeniletea gesi ananiita Trudy. Miaka arobaini na moja napiga pasi vitambaa vya Meza ya Bwana. Ningependa Bi. Zabriskie, lakini sikutaka kuonekana najidai." Nikawauliza wazee wote, wa kwao na wa kwetu, nikayaandika majibu.

Kwenye kikao niliilaza karatasi mezani nikaisoma ikiwa pale. Niliomba kila mtu aandikwe anavyotaka kuitwa. Mzee mmoja akasema tunarudi nyuma. Mchungaji akasema, "Mimi sikuwauliza. Niliamua tu." Wakapiga kura. Watano wamekubali, wawili wamekataa. Steve amesema abaki Steve.

Jiko bado limefungwa. Mama Song anasema wanakungoja wewe. Bibi, Jumapili hii nikuandike?

Mjukuu wako,
Yerim

Richmond
9 Mei 2024

Yerim mwanangu,

Niandike.

Nakuja Jumamosi kwa basi la mchana. Mama Tolliver amenifungia kuku wa njiani, kana kwamba naenda Korea. Njoo kituoni peke yako, bila maua, na Mama Song na wenzake usiwaambie. Jumapili asubuhi nataka niingie jikoni kama mtu aliyetoka kidogo kununua chumvi, niwaulize mbona maji bado hayajachemka.

Bibi yako,
Kwonsa Pak Sunrye