Taa ya Kijani Isiyopepesa

Kalangalala, Geita

Mke wangu Mama Masanja,

Mwangaluka. Na wewe Kabula mwanangu unayemsomea mama yako, marahaba hata kabla hujaniamkia, soma polepole na usiruke mstari. Mwandiko huu ni wangu. Zuhura mwenye kibanda alitaka kuniandikia kwa kompyuta yake nikakataa. Nilisoma kisomo cha watu wazima hadi nikapewa cheti, siazimi mkono wa mtu kumwandikia mke wangu.

Kwanza kabisa, Masanja yu hai. Nimelitanguliza hilo usije ukasikiliza barua huku roho iko mlangoni. Yu hai, anakunywa uji, anakaa kitako. Mengine nitayasema kwa zamu yake, na ndiyo maana sikupiga simu. Simu yako huwa inapokelewa na jirani, na habari hii si ya kupitia kwa jirani.

Mgongo wako unaendeleaje? Yule ndama mwenye baka alikubali kunyonya? Mvua imeshuka huko au mnatazama tu ndege za Ibadakuli zikipita? Mimi ni mzima isipokuwa goti, nalo nimelizoea kama mke wa pili.

Siku naondoka uliniambia, "Nenda kamlete mwanangu. Usiniletee hadithi." Sijasahau. Nilipofika nilimwambia Masanja twende nyumbani. Akanijibu mbele ya wenzake, "Baba, nyumbani nikachimbe nini, viazi?" Wakacheka wote. Ungekuwepo ungemshika sikio. Mimi nikaona huyu hatoki shimoni kwa maneno. Na huku vijana wanatolewa kwenye maduara, haya mashimo ya dhahabu, wamekufa bila hata mchubuko, hewa mbaya imewamaliza, haina rangi wala harufu. Nikasema basi, kama mtoto haondoki, hiyo hewa nitaitafutia mlinzi. Mimi ni fundi. Miaka niliyokaa Ushirombo hakuna redio iliyowahi kulia bila kupita mikononi mwangu, hata za misheni.

Ndipo nikampata huyu Zuhura, fundi simu, mama mtu mzima, baba yake mtu wa pwani na mama yake Msumbwa. Alikuwa tayari anatengeneza kifaa cha kunusa hewa ya maduarani ila hana mkono wa pili. Nikaingia kibandani. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mimi ni fundi." "Fundi wa nini, mzee wangu?" "Wa kila kinachopitisha umeme." Akavuta kigoda, nikakaa, na sijatoka hapo hadi leo.

Sasa nikueleze bodi, maana balaa lote limetokea hapo. Kifaa chetu kina pua ya kunusa hewa, inashushwa shimoni kwa waya mrefu. Juu kunabaki kisanduku chenye taa ya kijani, taa nyekundu na king'ora. Ndani ya kisanduku ndimo inamokaa chipu, kidude cheusi mfano wa kupe, na hicho ndicho akili ya kifaa. Ukishaifungia programu huwezi tena kuona inawaza nini. Kwa hiyo Zuhura hakuanza na chipu, aliagiza bodi ya kuigiza. Bodi hiyo inakaa mahali pa chipu na kujifanya chipu. Upande huu imeungwa na kisanduku, upande ule na kompyuta, na Zuhura anaisimamisha katikati ya kazi akaiuliza, hapa umesoma nini, hapa unataka kufanya nini, ndipo anairuhusu iendelee. Nilimwambia hiyo nimeielewa, ni ng'ombe mchanga. Ng'ombe mchanga humfungi plau siku ya kwanza, unamfunga gogo, unatembea naye, unamsimamisha, unamtazama.

Akasema, "Haya mzee. Basi na gogo letu usilifungue mapema."

Kuifunga hiyo bodi kulitutesa. Ilikuja kwa basi, maelezo yote Kichina. Kompyuta ikaikataa, ikasema mgeni huyu haimjui, Zuhura akahangaika hadi akapata programu ya kuwatambulisha. Soketi, kikalio cha chipu, niliichomelea mimi kwa waya wa risasi, mguu kwa mguu, na mkono haukutetemeka. Kuna waya bapa wa kuunganisha bodi na kisanduku, una mstari mwekundu ubavuni. Niliuchomeka, nikanyoosha mkono niwashe umeme, Zuhura akanipiga kofi la mkono.

"Mzee! Mstari mwekundu unaangalia wapi?"

"Unaangalia mbele."

"Unaangalia kaburi la bodi yangu. Geuza."

Nikageuza. Nilikuwa nimeshaona, nilitaka tu kumpima. Ilipowaka, ikawaka kweli. Tukasogeza jiko la mkaa karibu na pua, maana mkaa nao hutoa hewa ileile, hakuna moshi, mkaa mwekundu tu, na papo hapo taa ikageuka nyekundu, king'ora kikalia hadi mama wa chapati wa jirani akakimbia akaacha chapati zinaungua. Mama Masanja, siku ile nilitembea Kalangalala nzima kama bwana harusi.

Halafu mwenye duara anakochimba Masanja akatuma neno, kwamba yule mzee alete kifaa chake leo, kesho hana nafasi. Zuhura akasema bado.

"Bado iko kwenye gogo, mzee. Nimeweka vituo ndani ya programu. Ikifika kituoni inasimama yenyewe, mimi naipekua, ndipo naiachia. Nikishaviondoa vituo ndipo iende."

"Twende wote, utaviondolea hukohuko."

Akanitazama. "Huko nani ataniruhusu?"

Na ni kweli. Ule mwiko unaujua, mwanamke hakanyagi kwenye mdomo wa duara, wanasema dhahabu inakimbia. Fundi mwenyewe haruhusiwi kufika kwenye kazi yake. "Basi ngoja," akasema. Mimi kungoja sikujaliwa. Alipokwenda kuswali adhuhuri nikabeba kisanduku, bodi, kompyuta na betri, nikapanda bodaboda.

Nilipofika watu walijaa. Nikapanga vyote juu ya kreti, nikaunga, nikawasha, taa ya kijani ikatoka safi. Mwenye duara akauliza, "Mzee, na hii nayo inataga?" maana Masanja alikuwa ameshika kuku kwapani. Ndiyo desturi yao. Shimo wakilitilia shaka wanamfunga kuku kwenye kamba wanamshusha. Akirudi anapiga mbawa, watu wanashuka. Akirudi kimya, wanasubiri. Na shaka ilikuwepo, pampu ya petroli ya kuvuta maji ilikuwa imenguruma mle siku iliyopita, na pumzi yake ndiyo hewa mbaya yenyewe.

Nikamwambia, "Masanja, mimi na umri huu kwenye umeme, unaniwekea kuku?"

"Baba, taa yako nzuri. Ila kuku huyu sijawahi kumsikia akidanganya."

Wakacheka tena. Wakavishusha pamoja, pua na kuku, kamba moja. Kijani. Wakashusha zaidi. Kijani. Nikasimama nikawatangazia, "Mnaona? Hewa safi kama ya kanisani!" Nikamgeukia Masanja, nikasema mbele ya watu wote, kama wewe ni damu yangu, shuka. Nilisema hivyo, Mama Masanja. Kabula, usiruke.

Akajibu taratibu, "Kuku apande kwanza, Baba."

Kuku akapanda. Shingo inaning'inia. Na taa ile kijani, imetulia tuli kama jicho la samaki.

Mwenye duara akasema, "Toa televisheni yako hapa." Masanja aliangalia chini, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Mwenzake mmoja, jina lake Shija, kijana wa Ushirombo, ndiye aliyenibebea betri hadi barabarani. Baba yake namfahamu, redio yake nimeifungua mara nyingi. Akaniambia, "Mzee, kaitengeneze. Siku ukirudi nitaishusha mimi mwenyewe."

Zuhura hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alifungua kompyuta akanionyesha. Programu ilikuwa imefika kwenye kituo chake ikasimama, na kompyuta imeandika wazi kwamba imesimama, ila mimi niliangalia taa, sikuangalia kompyuta. Akili ikisimama, taa inabaki vile ilivyoachwa. Iliachwa ya kijani. "Ungeshusha moto wa jehanamu, mzee, ingekaa kijani." Kisha akasema na yeye amekosea, taa inayobaki inawaka wakati akili imelala si taa ya kuwapa watu.

Wazo la dawa yake ni langu. Nilimwambia unamjuaje ng'ombe aliyelala kwamba yu hai? Ubavu unapanda na kushuka. Basi taa ya kijani ipepese, iwake izime iwake izime, na iwe ni programu yenyewe inayoipepesa. Akili ikisimama, kupepesa kunakoma, na taa isiyopepesa, hata ikiwaka vipi, maana yake mtu asishuke. Tukaijaribu kwenye bodi, tukaisimamisha makusudi kila mahali, kila mara kupepesa kukakoma. Ndipo Zuhura akaondoa vituo vyote, akafunga programu kwenye chipu ya kweli, akang'oa bodi, akaweka kupe wetu kwenye soketi niliyochomelea mimi. Kazi ya mafundi wawili, haina doa.

Nikarudi duarani. Hawakuniruhusu kusogea. Nikarudi tena, wakaniita Mzee wa Taa. Nikawa nakaa kando ya njia, kifaa mapajani, nimekiwasha ili wakipita wakione. Shija alikuwa anasimama kukitazama. Alimwomba mwenye duara kishushwe, naye akamjibu kwamba mtu anayetaka taa aende mjini.

Siku yenyewe kuku alirudi mzima, anapiga mbawa. Nilimwona kwa macho yangu. Wakashuka Shija na Masanja. Chini kulikuwa na maji mengi, mpira wa pampu haukufika, basi wakaishusha pampu yenyewe hadi kwenye kona ya chini ya shimo, wakaiwasha humohumo ndani. Na kuku alikwisha kupanda. Kuku anapima hewa ya kabla ya kushuka, hapimi hewa ya baadaye. Kifaa chetu kingekaa nao kule chini muda wote. Kilikuwa mapajani mwangu, kinapepesa, kinanusa hewa safi ya barabarani.

Shija ndiye aliyekuwa karibu na pampu. Masanja aliinama kumvuta naye akaanguka. Walipotolewa, Shija alikuwa hana jeraha lolote, uso kama wa mtu aliyesinzia. Masanja alikuwa na pumzi, kidogo. Hospitali walimwekea hewa ya mtungi hadi akafungua macho.

Mke wangu, si yule uliyemzoea. Maneno yanamjia polepole. Mikono inatetemeka, kikombe namshikia mimi. Daktari anasema huenda yatarudi, huenda mengine hayatarudi, hakutaka kunidanganya. Anamuulizia Shija. Namwambia. Analia. Asubuhi ananiuliza tena.

Nilikwenda Ushirombo kumzika Shija. Nilimweleza baba yake mwenyewe, habari za taa, za kuku, za kujivuna kwangu, na kwamba kama nisingekwenda siku ile na kifaa kibichi labda wangetupokea siku ya pili. Sisemi kosa lote ni langu, mwenye duara naye ana lake na pampu ile ina mwenyewe. Lakini nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema neno moja tu, "Kumbe." Akaingia ndani. Nimepigwa na watu maishani, sijawahi kupigwa hivyo.

Sasa tunakuja nyumbani. Safari hii sileti hadithi, namleta yeye, kama alivyo. Mwenye duara mwingine ameanza kuulizia kifaa, Zuhura anafunga cha pili, na hicho atakishughulikia mwenyewe. Ameapa atakifunga kwa mikono yake mdomoni mwa shimo, na dhahabu ikitaka kukimbia ikimbie. Hiki cha kwanza ametupatia sisi, kwa sababu Masanja halali asipokiona. Kimewekwa karibu na kichwa chake. Anafumba macho, anafumbua, ananiuliza, "Baba, inapepesa?" Namwambia inapepesa. "Basi," anasema, anasinzia.

Nisalimie mdogo wangu wa zizini, mwambie asiuze yule dume kabla sijafika, bei hajui. Msalimie mama mkwe, mwambie goti langu linaliulizia goti lake. Wasalimie wajukuu, na jirani mpokea simu mwambie habari ni nzuri, nyingine nitazieleza mwenyewe. Kabula, wabeja kwa kusoma, na kama ulilia katikati hakuna atakayekuuliza.

Kitanda cha Masanja kiweke chumba cha dirisha, na dirisha usilizibe kwa gunia. Nakujua, mvua ikianza huwa unaliingiza jiko la mkaa ndani ili nyumba ipate joto. Mwaka huu libaki nje. Na siku king'ora kikilia usiseme kwanza kwamba huyu mzee amekosea tena. Mtoe mtoto nje kwanza, halafu unitukane mkiwa nje.

Mumeo, fundi,
Baba Masanja